KULIPA DENI NI KAZI MOJA, KUSAFISHA JINA NI KAZI NYINGINE

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani na baharini siku ile.)



Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli mpaka leo. Lakini siku hizi dawa hiyo ni nusu dozi. Unaweza kulipa mpaka shilingi ya mwisho, na jina lako likabaki limeandikwa kuwa wewe ni mdaiwa. Yamenikuta mimi mwenyewe, na nitayasema bila kuona haya.

Mnakumbuka Aprili mwaka 2024, mafuriko ya Rufiji yalivyochukua mpunga wetu. Mimi nilikuwa nimekopa kwa simu shilingi 150,000 za palizi. Mpunga ukaenda na maji, deni likabaki. Nilichelewa miezi saba. Korosho zilipouzwa nikalipa yote pamoja na riba, nikalala usingizi. Mwaka 2025 nikapanda boti hadi Nyamisati, nikapanda gari kupitia Bungu mpaka Kibiti, kuomba mkopo wa mashine ya boti. Ofisa akatazama kompyuta, akasema, "Mzee, unadaiwa." Nikasema nimelipa. Akasema, "Hapa panaonyesha hujalipa." Nikarudi mikono mitupu, na nauli imekwenda.

Sasa basi, alitazama kitu gani? Ni kama daftari la madeni la dukani. Ukikopa sukari unaandikwa, ukilipa mwenye duka anapiga mstari. Akisahau kupiga mstari, wewe bado mdaiwa. Fikirini sasa wakopeshaji wengi wa nchi hii wanaandika kwenye daftari moja. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 ndizo zilizoweka utaratibu huo. Mabenki yanapeleka habari za wakopaji wao, na zipo kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, zinazozitunza na kuzitoa kwa mkopeshaji anayeuliza. Kampuni hizo hazikukukopesha wewe. Zinaandika kile zilicholetewa. Kwa hiyo anayetakiwa kupeleka habari kwamba umelipa ni yule yule aliyekukopesha. Hapo ndipo tunapokosea njia.

Jamani, tusichanganye mambo matatu.

La kwanza: umelipa, lakini daftari linasema hujalipa. Hilo ni kosa, na una haki lirekebishwe.

La pili: umelipa, lakini ulichelewa. Daftari likisema "amelipa, alichelewa", hilo ni kweli, na ukweli haufutwi kwa kuomba. Linapungua uzito kadiri unavyokopa tena na kulipa kwa wakati.

La tatu: deni si lako kabisa. Mtu amesajili laini kwa kitambulisho chako, akakopa. Hilo usilinyamazie hata siku moja. Toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu.

Kazi ya kufanya ni hii:

1. Tunza ushahidi. Ujumbe wa malipo usiufute. Mimi niliufuta, nikalazimika kwenda kuomba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu. Andika namba ya muamala kwenye daftari lako, na tarehe.

2. Ukimaliza deni, siku ile ile omba barua ya kumaliza deni. Usingoje mpaka uitake.

3. Omba kuona taarifa yako mwenyewe, uisome mstari kwa mstari.

4. Ukiona kosa, mwandikie mkopeshaji barua pamoja na nakala ya malipo. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana muhuri.

5. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Benki Kuu. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu mwaka 2019. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai habari zako zisizo sahihi zirekebishwe.

Wapo watakaosikia kwamba wenzetu wa Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2020, hawaandiki deni chovu lililo chini ya shilingi 1,000 za kwao. Hiyo ni sheria ya kwao. Msije mkaacha kulipa hapa kwa kufuata sheria ya huko.

Na sasa onyo. Siku ile Kibiti, nje ya mlango, kijana mmoja aliniambia nimpe shilingi 50,000 anifutie jina. Ndugu zangu, huo ni unyonyaji mtupu. Anayefuta kosa ni aliyelipeleka, wala hakuna ada ya kichochoroni. Vilevile Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla hujakopa, uliza leseni. Asiye na leseni atakuaibisha kwa jamaa zako wote kwa deni la mboga.

Mimi niliandika barua. Wiki ya tano daftari likasomeka "amelipa, alichelewa". Mkopo nikapewa, lakini msimu wa kamba ulikuwa umekwisha. Barua moja ambayo ningeiomba siku ya kulipa ingeniokolea msimu mzima.

Mimi nilijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu alitufundisha kusoma risiti kabla ya gazeti. Leo naona alikuwa na maana. Mwenye deni lililolipwa asiyejua kuandika barua, aje darasani jioni ya Jumatano na karatasi zake. Tutaandika pamoja. Hakuna wa kumcheka mwenzake, maana maji yale yalitupita sote.



Katibu