Mifupa Katika Mashairi

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya neno ambalo wazazi huwauliza walimu mara nyingi: Kwa nini mashairi wanayosomeshwa watoto siku hizi yana maiti, funza na giza? Je, kazi ya mshairi si kuufurahisha moyo?

Kwanza, giza hilo si geni. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Humo aliuonyesha moyo wake majumba ya matajiri yaliyogeuka magofu: madaka ya sahani za thamani yamekuwa viota vya ndege, na wenyewe wameliwa na wadudu kaburini. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kwenda Pate ili kumsadiki. Mtu na avuke mpaka Kilwa Kisiwani, akatazame Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14. Dari zimeanguka, na majani huota mahali walipoketi wakubwa.

Pili, yako mambo yasiyoweza kusemwa kwa maneno matamu. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu ya kwamba dawa ya maji itawakinga na risasi, haikuwakinga. Wadachi wakachoma vijiji na ghala za nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliviandikia vita hivyo utenzi, ukapigwa chapa mwaka 1933. Atakaye utenzi wa vita kama hivi unukie asmini, ataka uongo.

Tatu, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974, watu walibishana sana juu ya vina na mizani alivyoviacha. Lakini litazameni jina lenyewe: kichomi ni maumivu ya ubavuni. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Mshairi huyu hakuficha.

Hata hivyo, si kila shairi la kutisha ni shairi jema. Wako watungaji wanaotia damu katika beti kama mpishi atiaye pilipili ili kuficha samaki aliyeoza. Nawapa kipimo: hofu ikiisha kupita, umebakiwa na nini? Sayyid Abdalla hukuachia onyo, usijivunie mali. Utenzi wa vita hukuachia kumbukumbu ya waliokufa. Kama umebakiwa na kutetemeka tu, kifunge kitabu.

Basi, wazazi, mtoto akirudi nyumbani na shairi la mifupa, msimnyang'anye. Mwambieni alisome kwa sauti, watu wote wasikie; kisha mwulizeni: Mifupa hii ni ya nani?

Kwaherini.