PRINTA IKIKATAA, KARANI ASILAUMIWE BURE
(Hotuba kwa wanachama, Kibirichia, Meru)



Sisi wa reli tumeombwa kusema juu ya jambo linaloudhi maofisi mengi: printa ya mtandao ambayo leo yafanya kazi, kesho yakataa, keshokutwa yafanya tena bila kuguswa. Jambo hili si dogo. Hati ya mzigo isipotoka, behewa hungoja. Hati ya mshahara isipotoka, mfanyakazi hajui amekatwa nini, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu 20, yamtaka tajiri atoe maandishi hayo. Mara nyingi lawama humwangukia karani, naye hupewa barua ya onyo.

Twasema hivi: printa haina uchawi. Ikikatika na kurudi, iko sababu, nayo hutafutwa kwa taratibu, kama tutafutavyo ubovu wa njia, stesheni hata stesheni.

Kwanza, waya. Tazameni kama umekaa imara pande zote mbili, na taa ndogo penye tundu lake zinawaka. Waya uliolegea hushika na kuachia.

Pili, anwani. Kila printa katika mtandao ina namba, kama sanduku la posta. Mara nyingi namba hiyo huazimwa na rauta kwa muda tu. Umeme ukipotea, kama ulivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, rauta huwaka upya na yaweza kugawa namba upya. Printa hupata nyingine, lakini kompyuta yaendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani. Ni sawa na behewa kupelekwa njia ya 3, na wapakuzi wanangoja njia ya 5. Siku namba ya kale ikirudi, watu husema printa imepona. Haikupona. Iamuruni printa itoe karatasi yake ya maelezo, mkalinganishe namba na ile iliyo ndani ya kompyuta. Zikiwa mbali mbali, mtunza mtandao aiwekee printa namba ya kudumu katika rauta.

Tatu, foleni. Kazi moja iliyoharibika huzuia zote zilizo nyuma, kama treni iliyokwama katika njia moja. Ifuteni hiyo kwanza. Kubonyeza mara kumi huongeza msongamano tu.

Nne, kompyuta kuukuu. Pengine printa yashirikiwa kupitia kompyuta ya mtu mmoja. Hiyo ikilala, ofisi nzima hukosa. Tena, mwezi wa Septemba 2021 Microsoft ilikaza ulinzi wa uchapaji, na kompyuta nyingi zikakataa printa za kushirikiwa, zikionyesha kosa 0x0000011b. Dawa ni kuzipa zote masahihisho yale yale, wala si kuondoa ulinzi. Lakini Windows 7 iliachwa bila msaada wa kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua mashini mpya ni wajibu wa tajiri, si wa karani.

Ndugu zangu, wekeni daftari kando ya printa. Andikeni tarehe, saa, maneno ya kosa, kama umeme ulipotea, na nani aliarifiwa. Daftari hilo litamwonyesha fundi ubovu ulipo, na litakuwa shahidi wenu. Kwa kifungu 41 cha Sheria ile ile, kabla tajiri hajamwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, sharti amweleze sababu kwa lugha aielewayo, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenziwe au mwakilishi wa chama amchaguaye. Mwakilishi akiingia na daftari, ana la kusema. Akiingia mikono mitupu, atabaki kuomba huruma.

Basi, kesho asubuhi kila tawi linunue daftari moja.

Umoja ni nguvu.