Aliyetibiwa kwa Mionzi Haunguzi Mtu
Mazungumzo na wakazi wa kambi



Wiki hii nimeona jambo ambalo halikunipendeza. Mtoto amerudi kutoka Kampala, kichwa kina upara upande mmoja, na majirani wamemtengea sahani yake peke yake. Wanasema ana moto wa mashine mwilini. Si kweli. Mionzi ile hupita kichwani dakika chache, na mashine ikizimwa imekwisha, haibaki mwilini. Kuleni naye, mbebeni, acheni watoto wacheze naye.

Safari yenyewe baadhi yenu mnaijua. Watoto wenye uvimbe kwenye ubongo hupasuliwa katika Hospitali ya CURE, Mbale. Wanaohitaji mionzi pia hupita Jinja hadi Mulago, Kampala. Mashine ya Mulago iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Ndiyo maana wapo wanaosema hadi leo kwamba mtu huko anakwenda bure. Mashine ipo.

Matibabu huwa siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa wiki sita hivi, na hayaumi. Lakini mgonjwa huchoka, nywele hunyonyoka mahali palipopita mionzi, na ngozi huwasha. Msimpake mafuta ya manukato wala mitishamba. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu, na asitoke juani bila kitambaa. Kichwa kuuma na kutapika huja kwa sababu ubongo huvimba kidogo, na kwa hilo hupewa deksamethasoni. Dawa hiyo huleta njaa kali na kukosa usingizi, lakini kuikatisha ghafla ni hatari. Za kifafa vilevile.

Linalowatisha wazazi zaidi huja baadaye. Wiki nne hadi nane baada ya kumaliza, mtoto anaweza kulala mchana kutwa na kukataa chakula. Watu husema uvimbe umerudi, wakamkimbiza kwa mganga. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe, ila apelekwe zahanati akaangaliwe. Kama haamki akiitwa, anatapika mfululizo, ana degedege au amelegea upande mmoja, ni saa hiyo hiyo, hata usiku.

Miaka ikipita, huenda akawa mzito kukumbuka masomo au akachelewa kukua. Mwalimu aambiwe mapema, asije akamchapa akidhani ni uvivu.

Barua za hospitali zitunzeni kwenye mfuko wa plastiki, mvua isizifikie. Anayehitaji kusaidiwa kuzisoma anione zahanati asubuhi.