Chipu za Kamari na Joto

Serikali ya Kenya ilipochoma mashine za kamari zilizonaswa mwaka 2018, kamera zilifuata ndimi za moto. Mimi ningeuliza kuhusu ule moshi. Plastiki ya ABS, inayotumika sana kwenye maganda ya mashine, ndiyo pia hutumika kutengenezea chipu za kamari za bei nafuu, zile zenye kipande cha chuma ndani ili ziwe nzito mkononi. Plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 105 hivi. Ikiwaka hutoa masizi mazito na gesi zenye sumu, sianidi ikiwemo. Chuma hubaki majivuni. Kutenganisha plastiki na chuma kwanza kungekuwa na busara zaidi, ila hakungepata nafasi kwenye taarifa ya saa moja.

Chipu ziitwazo za udongo, ambazo kwa kweli ni mchanganyiko wa madini na gundi ya plastiki, hazihitaji hata kiberiti. Ziache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa madirisha, lililoegeshwa juani Westlands, Nairobi, saa nane mchana: zinaweza kupinda kama kaukau. Zikishapinda, kasino haizitaki tena, maana mhudumu huhesabu kwa kulinganisha kimo cha rundo, na rundo la chipu zilizopinda hudanganya.