Kijiji Nyuma ya Neno "Mgiriki"



Kabla sijawa mwalimu nilikuwa muuguzi, na miaka kadhaa ya kazi hiyo niliifanya Melbourne, Australia, katika makao ya wazee ambayo sitayataja. Kila mzee alikuwa na faili, na katika faili palikuwa na kisanduku cha lugha. Cha bibi mmoja kilijazwa: Kigiriki. Akaitwa mkalimani, kijana wa Athens. Alikaa na bibi robo saa, akatoka akitikisa kichwa. Bibi amechanganyikiwa, alisema. Maneno yake hayashikiki, na akiogeshwa anahesabu kwa lugha isiyo ya kwao. Tukaandika hivyo hivyo.

Bibi alikuwa akihesabu uno, due, tre. Alizaliwa Kalymnos, mojawapo ya visiwa vya Dodecanese, ambavyo Italia ilivitwaa mwaka 1912 na ambavyo havikuungana na Ugiriki hadi 1947. Katika miaka ya 1930 utawala wa kifashisti ulishindilia Kiitaliano mashuleni, na hesabu ya kwanza ya mtoto yule ikawa ya Kiitaliano. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza na ya juzi na jana, ya utotoni ukayaacha nyuma. Kiingereza alichookota kiwandani kilishamtoka. Aliyekuwa bafuni ni mtoto wa shule anayeogopa maji, anahesabu ili ayavumilie. Mgonjwa alikuwa mgonjwa, sikatai, lakini hesabu yake ilikuwa sawasawa.

Sisi huku Afrika Mashariki tunawakumbuka Wagiriki wa mashamba ya mkonge ya Tanga na kahawa ya Kilimanjaro. Mgiriki alikuwa Mgiriki, basi. Nani aliuliza kisiwa? Australia nayo ilifanya vivyo hivyo, ingawa iliwapokea wengi mno, hasa baada ya mkataba wa uhamiaji wa mwaka 1952, wakishushwa na meli kama Patris. Wenyewe hawakuhama kama taifa. Aliyetangulia alimvuta ndugu, ndugu akamvuta jirani. Watu wa kisiwa cha Kythera walifungua migahawa katika miji midogo ya New South Wales na Queensland. Wa Kastellorizo walijaa Perth na Sydney. Wa Ithaca wana chama chao Melbourne tangu 1916, na wazamiaji wa sifongo wa Kalymnos walifika Darwin. Ongeza Wagiriki wa Misri, waliofungasha baada ya vita vya Suez vya 1956, ambao baadhi yao wangefurahia gazeti la Kifaransa kuliko la Kigiriki.

Matamshi nayo yanatofautiana. "Na" ya Kigiriki sanifu ni "ke". Krete na Kupro utasikia "che". Kwa hadhira yenye Kiamu, Kimvita na Kipemba sina haja ya kurefusha.

Nitakalorefusha ni la historia ya mahali, na la mlango uliofungwa. Tarehe 13 Desemba 1943, katika mji wa Kalavryta, wanajeshi wa Kijerumani waliwatenga wanaume na vijana wa kiume wakawapiga risasi mlimani. Wanawake na watoto walifungiwa shuleni, na shule ikawaka moto. Walitoka kwa kuhangaika. Sasa mchukue msichana wa siku ile, mfikishe miaka themanini na kitu, mlaze katika wodi ambayo mlango wake hufungwa kwa ufunguo saa mbili usiku. Akipiga mlango ngumi, muuguzi asiyejua Kalavryta ataandika "ana fujo" na kuomba dawa ya usingizi.

Basi tuongeze kisanduku cha mkoa? Mimi nakataa. Kuna wazee wa Florina, kaskazini, ambao nyumbani kwao kilisemwa Kislavoni. Chini ya dikteta Metaxas, kuanzia 1936, kukisema kuliadhibiwa, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949 vikagawa nyumba na nyumba. Mtu wa namna hiyo ukimkabili na kalamu mkononi, ukamwuliza "wewe wa wapi hasa?", anamsikia polisi. Atakujibu "Mgiriki" na kufunga mdomo.

Afadhali uulize sikukuu. Kijijini kwenu mlisherehekea mtakatifu gani? Tarehe 15 Agosti, siku ya Bikira Maria, mlipika nini? Uliza ukiwa unamkata kucha, na faili uliache mezani. Kisiwa kitajitaja chenyewe, na kisipojitaja, mwache nacho.

Yule bibi wa Kalymnos aliogeshwa vyema mwishowe. Mhudumu mmoja, Mfilipino, alijifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kiitaliano. Walihesabu pamoja, polepole, birika likiwa hewani. Walipofika dieci, bibi aliinamisha kichwa mwenyewe.