Tulimlaumu Asiyekosa

Leo tunataka kuwasimulia kisa kilichotupata sisi wenyewe huku Msambweni, nasi tutasema bila kujificha, maana kosa lilikuwa letu.

Tulikuwa na kompyuta moja ya kuwekea hesabu za chama cha akina mama. Haikununuliwa nzima dukani. Kijana mmoja wa hapa kwetu alivuka feri ya Likoni, akaenda Mombasa, akanunua kipande kimoja kimoja, kisha akaviunga mezani mbele ya macho yetu. Ilifanya kazi vizuri karibu mwaka mzima.

Ikaja miezi ya kaskazi. Ninyi mlioko Diani na Ukunda mwalijua joto la Februari. Mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Tukiiwasha, tukiandika nusu saa, feni huvuma kwa nguvu, halafu kioo huwa giza. Siku moja hesabu ya asubuhi nzima ilipotea, na mama mmoja akaambiwa mchango wake hauonekani. Alilia mbele ya wenzake, mpaka tulipoukuta katika daftari la zamani.

Tulisema nini? Kwanza tulisema ni umeme. Lakini taa ya chumbani ilikuwa ikiwaka. Ndipo tukasema kwamba kijana ametuletea vipande vikuukuu. Tuliyasema hayo kisimani, sokoni, na hata mlangoni pa kanisa. Kijana akasikia. Akaacha kuja.

Mwalimu mmoja mstaafu akatuuliza: "Mkiiacha ipoe, huwaka tena?" Tukajibu, ndiyo. Akasema, "Basi haijafa. Inajinusuru."

Akatueleza. Ndani mna prosesa, ndiyo ubongo wa mashine, nayo hutoa joto jingi. Juu yake pana bamba la alumini lenye mapezi, na feni ya kulipuliza joto litoke. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo zenyewe. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima isiungue.

Tukachomoa waya wa umeme, tukafungua kifuniko. Wapenzi, tuliona haya. Vumbi na unyevu wa chumvi ya bahari vilikuwa vimeshikamana kati ya mapezi kama sufi ya mto. Na yale matundu ya kutolea joto? Yalizibwa na kitambaa cha kudarizi tulichokitandika sisi wenyewe, kwa kuipenda mashine! Hapakuwa na kipande kibovu hata kimoja.

Tulisafisha kwa brashi laini, huku tumeishika feni isizunguke. Dawa ya kupitisha joto, iliyopakwa kati ya prosesa na bamba, ilikuwa imekauka. Tukaifuta kwa spiriti, tukatia mpya kiasi cha punje ya mchele. Tukaisogeza mashine mbali na ukuta. Siku hizi kitambaa huwekwa ikiwa imezimwa na kupoa. Haijazimika yenyewe tena.

Lakini ilibaki kazi ngumu zaidi, kwa kuwa brashi haisafishi jina la mtu. Tulikwenda kwao, tukamwambia mbele ya mama yake, "Mwanetu, tulikusingizia. Utusamehe." Alinyamaza kitambo, akasema, "Yamepita, wazee wangu. Lakini mngeniita tu, ningekuja kuifungua." Tukarudi kisimani na sokoni kuyafuta maneno yetu. Wengine walitusikia. Wengine wangali wanayaamini yale ya kwanza, na jambo hilo linatuuma hata leo.

Ndugu zetu, wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ile feni ilipovuma, tulikuwa tunaonywa, nasi tukatafuta wa kumlaumu. Wiki hii, kila mmoja wetu na ajiulize: nani nimemhukumu kabla ya kufungua kifuniko? Tukimkumbuka, twende kwake kungali mapema, nasi tuyafute maneno pale pale tulipoyasema.

Mungu atujalie moyo huo. Kwaherini, hadi wiki ijayo.