Miti ya Kiwangwa: Wenyeji na Wageni

Leo tutasoma habari za miti ya Kiwangwa.

Mkorosho ni mgeni. Asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16. Mwarobaini nao ulitoka Bara Hindi. Mkorosho hauchelewi: huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi.

Mkongo ni mwenyeji. Wengine huuita mbambakofi. Mbegu yake ni nyeusi, ina kofia nyekundu, nzuri mno!

Mpingo pia ni mwenyeji, lakini hukua polepole. Huchukua miaka 70 au zaidi kufaa kwa mbao. Mtu akiukata leo kwa kuchoma mkaa wa kuuza Dar es Salaam, mjukuu wake ndiye atakayengoja mwingine.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: mpingo, mkongo, mkorosho.